Magauni Mawili ya Njano

Sehemu ya Kumi na Moja

Chelezo kikainama upande mmoja, kikawamwaga wasichana wawili ziwani. Hapo ndipo nilipoishia Jumamosi iliyopita, na habari za matusi yenu zimenifikia. Mama mmoja wa Kawempe alipiga simu gazetini akauliza mimi ni mtu wa namna gani, kuacha watoto wa watu ndani ya maji wiki nzima. Mama, nisamehe. Leo tunawatoa. Usije tu ukasema sikukuonya kuhusu namna watakavyotoka.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Pale Port Bell inapigwa filamu ya Msichana wa Chelezo, kile kitabu ambacho watoto wa shule hapa Kampala wamekisoma mpaka majalada yamebanduka. Msichana anavuka ziwa peke yake kumtafuta baba yake. Anayemwigiza ni Aoko, miaka kumi na miwili, mtoto wa Cleopas, Mkenya anayeuza vipuri vya pikipiki Kawempe. Aoko ana sura ya filamu lakini maji anayaogopa. Kwa hiyo kwenye kina kirefu anaingia Victoire badala yake, mtoto wa kimo hicho hicho, naye anapigwa picha kwa nyuma tu.

Mama yake Victoire ni Esperance, mkimbizi wa Kongo, fundi cherehani wa filamu. Yeye ndiye aliyeshona magauni mawili ya njano, pacha kabisa. Moja lina maboya ndani ya bitana, vipande vya povu gumu vya kumfanya mtu aelee. Hilo ni la Aoko. La pili ni kitambaa kitupu, nalo ni la Victoire, kwa sababu Victoire anajua kuogelea.

Haya, twende.

Esperance alikuwa majini mpaka kiunoni, viatu vimebaki kwenye tope. Dakika tano kabla ya hapo Travis, mwongozaji wa filamu, aliamuru ifunguliwe kamba ndefu iliyokifunga chelezo ufukweni, kwa sababu ilikuwa inaonekana kwenye picha za droni. Aoko alikuwa amesimama juu ya mbao, Victoire amejikunyata chini ya turubai akingoja zamu yake. Likapita boti la mizigo, likaacha mawimbi. Chelezo kikawamwaga, kisha kikarudi kukaa sawasawa juu ya mapipa yake, kitupu.

Kichwa kimoja kikaibuka. Kimoja tu, na gauni la njano limetuna kukizunguka.

Kando ya Esperance alisimama Cleopas, suruali yake nzuri imelowa, mikono kichwani. Wazazi wawili ufukweni, kichwa kimoja majini. Kila mmoja aliomba, na kila mmoja aliomba kwa jina. Sitaki kukudanganya kwamba waliwaombea watoto wote.

Ongom, mwenye boti la injini, mzee aliyewahi kuwa askari, ndiye aliyefika wa kwanza. Alimshika mtoto ukosini akamburuta ndani.

"Hii moja iko hai," alisema kwa sauti iliyofika nchi kavu. "Nakuja na yeye."

Boti likageuka. Mita hamsini. Thelathini. Mtoto akainua uso.

Alikuwa Victoire.

"Asante Mungu wangu, asante," Esperance akasema, machozi yakimtiririka, na alisema hivyo sikioni kabisa mwa Cleopas. Baba yule alishusha mikono kutoka kichwani. Alisogea hatua mbili kuelekea kwenye maji marefu, akasimama, kwa sababu hata yeye hajui kuogelea.

"Mama, niko na baridi," Victoire alisema meno yakigongana. "Aoko alinishika muguu. Kisha akaniachia."

Esperance akamkumbatia kwa nguvu zote. Na alipombana, vidole vyake vikagusa ubavuni kitu kigumu ndani ya gauni. Vipande vinne kulia, vinne kushoto.

Maboya.

Lakini hakushangaa, msomaji, na hapa inabidi nikuombe radhi, maana wiki jana nilikuficha jambo. Hakushangaa kwa sababu aliyemvalisha Victoire gauni lile asubuhi ile ni yeye mwenyewe.

Sikiliza. Victoire hajui kuogelea. Hajawahi kujua. Siku ya kuchagua watoto, Travis aliuliza nani kati yao anaogelea, na Victoire, aliyekuwa amekariri kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, alimtazama mama yake kwa macho ambayo mzazi hawezi kuyakatalia. Esperance akajibu, "Sisi ni batu ya Uvira, mutoto ya kwetu anajua maji mbele ya kujua kutembea." Watu wakacheka, wakaamini. Nani angebisha? Uvira iko kando ya ziwa. Ila Victoire alitoka Uvira mgongoni mwa mama yake akiwa na miezi saba, akakulia Makindye, na maji mengi aliyowahi kuyaingia ni ya beseni.

Wiki mbili nzima mtoto alidanganya kwa vidole vya miguu. Kwenye maji ya kifuani alikanyaga chini huku akipiga mikono juu, na kamera ikameza. Alhamisi, akisukwa nywele, akasema ukweli. "Mama, kesho kutwa ni kwenye kina. Sitafika chini."

Esperance angeweza kwenda kwa Travis. Hakwenda. Alitazama ratiba ya Jumamosi, akaona imeandikwa kwamba Aoko atapigwa picha za uso tu, ufukweni, maji ya magotini. Akajiambia: wa magotini anataka maboya ya nini? Alfajiri akamvalisha Aoko kitambaa kitupu, na wake akamvalisha maboya. Hapakuwa na chuki hapo. Palikuwa na mama na hesabu yake, na hesabu ingekuwa sahihi kama Travis asingebadili mpango saa tatu kasoro. Jua lilikuwa zuri, alisema. Aoko naye akapandishwa kwenye chelezo.

Esperance alikuwa ndani ya hema la mavazi akipiga pasi. Alipotoka, chelezo kilikuwa kimeshaondoka. Angeweza kuita, akajiambia kamba ipo. Dakika chache baadaye kamba ikafunguliwa.

Sasa unajua ninachokijua.

"Mama wa nguo, kuja hapa," Travis aliita. Alikuwa na afisa wa polisi wa majini, Odyek, mtu mrefu mwenye daftari, aliyefika na boti lake kutoka zamu ya asubuhi.

"Mtoto amevaa nini?" Odyek aliuliza.

Travis hakumngoja fundi ajibu. "Gauni ya njano. Ndani iko na boya, mimi mwenyewe niliangaria siku ya kupima. Ataerea tu. Afande, huyo hazami."

Odyek akatazama upepo. "Kama anaelea, saa hii upepo umeshampeleka kwenye magugu maji kule. Maboti yote yaende huko. Mkate majani, mtazame juu ya maji. Juu, sio chini."

Ongom akawasha injini. Boti la polisi likamfuata, na mitumbwi miwili ya wavuvi nyuma yao. Wote wakaelekea kwenye ule mkeka wa kijani upande wa mashariki, mahali ambapo Aoko hakuwepo na hangeweza kuwepo.

Esperance aliyaona yanaondoka. Alifungua mdomo, akaufunga.

Unataka kumlaani? Ngoja kidogo uone alichokiona yeye. Juu ya kilima pale Luzira jela kubwa inaonekana vizuri, hata ukiwa ndani ya maji. Hana mume, mume alibaki Kongo chini ya udongo. Hana dada wala shangazi Kampala hii. Akichukuliwa yeye leo, Victoire atalala kwa nani? Alisimama na swali hilo huku mtoto wa mwenzake akiwa chini ya maji. Dakika nne. Nimezihesabu, na sitampunguzia hata moja.

Juu angani droni ilikuwa bado inanguruma. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kusema "kata" ili upigaji picha usimame.

Cleopas akamsogelea. Alizungumza naye kwa adabu, kama alivyozungumza naye kila asubuhi alipomkabidhi binti yake.

"Mama Victoire, hayo maboya ni wewe umeshona. Najua kazi yako ni safi. Yatamshika, sivyo? Niambie tu yatamshika."

Esperance hakuweza kumdanganya. Kama angemtukana, pengine angenyamaza mpaka jioni. Lakini alimwomba, tena kwa heshima, na mwanamke yule akavunjika.

"Hana maboya, baba Aoko."

"Unasema?"

"Gauni lenye maboya ni hili, liko kwa Victoire. Aoko amevaa kitambaa tu. Hayuko kule kwenye majani. Yuko pale pale walipoangukia."

Kwa sekunde moja Cleopas alimtazama kana kwamba amesikia lugha nyingine. Kisha akaingia majini na suruali yake, akapiga mayowe kuita maboti, mayowe ambayo sijui kuyaandika. Odyek akapuliza filimbi. Mara tatu, nne. Ongom akasikia, akageuza.

"Hana boya," Odyek alipaza sauti, viganja kando ya mdomo. "Chini. Tafuta chini, kwenye chelezo."

Ongom hakuuliza sababu. Alizima injini mita chache kutoka kwenye kile chelezo kitupu kilichokuwa kinabembea kwa amani, akavua shati, akazama. Akaibuka mikono mitupu. Akazama tena. Akakaa.

Akakaa mpaka Travis akaanza kulia kwa sauti, yeye na amri zake zote.

Ongom alipoibuka hakuwa ametokea pale alipozamia. Alitokea upande wa pili, akagonga mbao kwa ngumi. "Iko hapa ndani. Katikati ya pipa. Mkono imefungwa na kamba. Leta kisu."

Aoko alikuwa chini ya mbao, katikati ya mapipa, mahali palipobaki nafasi ya hewa ya shibiri moja. Kamba ya mapipa ilikuwa imemzunguka kwenye kifundo cha mkono, na kamba hiyo ndiyo iliyomzuia asizame. Pua yake ilikuwa inaingia na kutoka majini kila chelezo kilipobembea. Walikata, wakamvuta, wakamlaza juu ya zile zile mbao ambako alitakiwa kupigwa picha.

Hakuwa anapumua.

Odyek, aliyeletwa na mtumbwi, alimkandamiza kifua. Alihesabu kwa sauti, akampulizia mdomoni, akaanza upya. Nusu ya watu wa filamu walikuwa wamepiga magoti. Esperance alimziba Victoire macho, na Victoire akauondoa mkono wa mama yake ili aone.

Mara ya sita, mtoto akatapika maji.

Usishangilie bado. Alitapika, akavuta pumzi moja mbovu, macho yakabaki yamegeuka. Wakamleta nchi kavu, wakampakia kwenye pikapu ya jenereta, baba yake amempakata, Travis anaendesha, honi haikuachiliwa mpaka wakapotea kwenye kona. Aliyebaki na daftari ni Odyek.

Akawaingiza Esperance na Victoire kwenye hema la mavazi, akalifungua.

"Sasa. Magauni." Alimtazama Esperance. "Lenye maboya lilikuwa la nani?"

"La Aoko."

"Na limefikaje kwa mtoto wako?"

Kwenye enga za nguo zilining'inia kofia na mashati ya filamu, na kwenye kiti pasi ilikuwa bado ina moto. Esperance alishapanga maneno. Nataka umwamini katika hili: alikuwa anakwenda kusema. Alikuwa amevuta pumzi ya kusema.

"Ni mimi," Victoire akasema.

Odyek akainama. "Wewe nini, mtoto?"

"Ni mimi nilibadilisha. Aoko alisema lile la maboya linamfanya mnene, watoto wanamcheka. Akaniomba tubadilishane. Tukabadilishana nyuma ya hema, Mama hakuona." Sauti yake haikutetemeka. Hata machozi yalikuja mahali pake, mawili, moja kila shavu. "Nilikosea, afande. Sikujua atapanda chelezo."

Kila neno lilikuwa uongo. Asubuhi ile Aoko hakuomba kitu. Alisimama mikono juu, akafungwa vifungo vya mgongoni na Esperance mwenyewe, akasema asante, mama.

Odyek aliandika. Aliandika taratibu, na wakati anaandika Esperance alikuwa na muda wa kutosha. Ungetosha kusema hapana mara mia moja. Victoire alikuwa amemshika kidole kimoja, kile cha kushikia sindano, amekibana.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na moja," Esperance alisema. Hilo tu ndilo lililotoka.

"Basi hapa hakuna kesi ya mtoto. Ni bahati mbaya. Wa kujieleza ni yule aliyefungua kamba." Odyek akageuza daftari, akampa kalamu. "Mzazi unatia sahihi hapa, kwamba mtoto amesema mbele yako na wewe unathibitisha."

Unathibitisha. Aliitazama kalamu. Akawaza jela ya kilimani, akawaza kitanda cha Makindye wanacholalia wawili, akawaza Cleopas aliyemwomba kwa adabu. Aliviwaza vyote hivyo, msomaji, kisha akatia sahihi. Jina lake lote, Esperance, kwa mwandiko mzuri wa shule.

Simu ya Odyek ikaita.

"Ndiyo. Ndiyo, bwana Cleopas." Akasikiliza. Uso wake ukalegea, akacheka kidogo kwa pua, mtu aliyechoka. "Ameamka? Anaongea? Sawa. Sawa, Mungu ni mwema. Anasemaje?"

Akasikiliza tena. Safari hii muda mrefu zaidi, na kicheko kikaisha.

Esperance alimshukuru Mungu. Alimshukuru kweli, kwa moyo wake wote. Na ndani ya shukrani hiyo hiyo likapita wazo jingine, fupi sana, la kwamba mtoto yule angechelewa kuamka walau siku moja. Alilisikia likipita. Akajua kuwa hata aombe vipi, wazo hilo limeshakuwa lake.

Odyek akaweka simu mfukoni. Hakulifunga daftari.

"Twende hospitali," alisema. "Wote wawili. Nataka hawa watoto waseme wakiwa pamoja."

Walikaa nyuma kwenye gari la polisi, Esperance upande wa dirisha, Victoire katikati amefunikwa blanketi, bado na gauni lake la njano lililolowa. Barabara ya Port Bell ilikuwa imejaa malori. Odyek hakuwatazama kwenye kioo.

Walipokaribia hospitali, Victoire alijivuta mpaka midomo yake ikagusa sikio la mama yake. Alinong'ona kwa upole, kama alivyokuwa akinong'ona kila Travis alipomaliza kupiga picha na mama yake kumletea taulo.

"Mama, nilisema vizuri?"